Mashine ya mbao ya mtumba: anza kuangalia randa, mengine baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kitu kuhusu mashine za mbao zilizotumika, hasa zile za kazi nyingi ambazo kwenye mwili mmoja unakuta msumeno wa meza, plena (inayonyoosha uso na ukingo wa ubao), tiknesa (inayoupa ubao unene mmoja), spindo (shafti ya kusimama inayochonga kingo) na pale pembeni sehemu ya kutoboa matundu ya ulimi, yale ambayo ncha ya ubao mwingine inaingia kwenye kuunga. Matangazo yake karibu yote yanafanana, "kazi tano kwa moja, ipo vizuri, njoo uione", basi, na kijana anayetaka kufungua karakana yake ndogo akisoma hiyo tano anaona keshapata karakana nzima. Anaenda, anakuta imepigwa rangi, inawashwa inanguruma, anatoa hela. Hakuna aliyemwambia aangalie nini, na muuzaji mara nyingi na yeye hajui, kainunua kwenye mnada kiwanda kilipofungwa na hajawahi kupitisha ubao hata mmoja.

Mimi ni seremala, kazi yangu ni milango, fremu na makabati, na mashine za aina hii nazijua kwa kuzifanyia kazi na kwa kuitwa na wenzangu nikawaangalizie kabla hawajanunua. Ninachowaambia wote ni kimoja, idadi ya kazi iacheni, nendeni moja kwa moja kwenye randa, yani plena na tiknesa. Ubao ukitoka kwenye plena umepinda hata kidogo basi kila kinachofuata kinapinda nao, msumeno utafuata ule ukingo uliopinda, tundu la ulimi litatobolewa kwenye uso uliopinda, na mlango ukishaunganishwa unakuwa umejinyonga, ukiufunga kona moja inagusa fremu nyingine ipo nje. Msumeno ukiwa na mkato mchafu utausafisha kwa randa ya mkono, spindo unaweza usiiguse mwezi mzima, lakini plena mbovu inakuharibia kila kazi inayoingia mlangoni.

Sasa unaipimaje? Nenda na vitu vyako mwenyewe, usitegemee vya muuzaji: vipande viwili vya mbao ngumu vya kama mita moja, rula ndefu ya chuma unayoiamini, skwea, vernia (kile kipimo cha kubana cha kupimia unene) na tochi. Plagi ikiwa imetolewa, inua meza ya kuingizia mpaka iwe usawa mmoja na meza ya kutokea, laza rula juu ya meza zote mbili, mulika tochi kwa nyuma uone mwanga unapita wapi. Usipime kwa urefu tu, pima na kona kwa kona, maana meza inaweza kuwa imenyooka kwa urefu ila imejinyonga, na huo mnyongo ndo unaohamia kwenye ubao. Ukikuta meza moja imekaa juu au chini kuliko mwenzake usikimbie haraka, mashine nyingi zina bolti za kurekebishia chini ya meza na ni kazi ya mtu mvumilivu na spana. Ila meza yenyewe ikiwa imejinyonga, hiyo haina bolti, hiyo inataka kupelekwa kwa watu wenye mashine kubwa za kusagia chuma na gharama yake haina maana kwa mashine ya mtumba. Iache.

Alafu omba iwashwe, uipitishie zile mbao zako mbili kwa ukingo, kisha zima, simamisha ubao mmoja juu ya mwenzake ukingo kwa ukingo na uangalie kwenye mwanga. Hapa huhitaji kifaa chochote, mwanga ukipita katikati au kwenye ncha basi meza haziko sawa, na uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kosa linaonekana mara mbili kwasababu kila ubao umekuja na lake. Mkishamaliza hapo nenda tiknesa, pitisha kipande kimoja upande wa kushoto wa meza na kingine upande wa kulia bila kugusa mkono wa kupandisha meza, kisha vipime kwa vernia. Vikitofautiana kidogo sana, sehemu ya kumi ya milimita hivi, hilo si tatizo. Vikitofautiana milimita nzima uliza kwanini, inaweza kuwa visu vimefungwa vibaya tu na inaweza kuwa meza au kichwa cha visu, ile shafti nene inayobeba visu, kimehama, sasa kabla hujajua ni kipi usitoe hela.

Kuhusu visu vyenyewe kuna hesabu ambayo napenda kila fundi aijue. Chukua kichwa chenye visu 3 kinachozunguka mara 5,000 kwa dakika, na tiknesa inayovuta ubao mita 8 kwa dakika, hizo ni chenga 15,000 kwenye milimita 8,000, yani kila nusu milimita kuna alama ya kisu na jicho haliioni, mkono hauisikii. Lakini kisu kimoja kikitokeza kuliko wenzake ndo kinachoacha alama peke yake, sasa alama zinakaa kila milimita moja na nusu na zaidi kidogo, na ukipaka vanishi zinaonekana kama mawimbi. Kwahiyo ukikuta mawimbi kwenye ubao wa majaribio usiseme mashine mbovu, visu vinapangwa upya. Ila zungusha kichwa kwa mkono, plagi ikiwa nje, kikikwaruza au kikinguruma kama kuna mchanga ndani ujue beringi zimekwisha, na ukikishika ukakitikisa juu chini kikacheza, hapo angalia kama tatizo ni beringi tu au na nyumba yake, yani tundu la chuma beringi inapokaa, imelika. Beringi si jambo la kuogopa, zina namba za dunia nzima, ukitoa ya zamani ukasoma 6204 unajua ni shimo la milimita 20 na kipenyo cha nje 47, unaipata popote panapouzwa beringi. Nyumba iliyolika ndo habari nyingine.

Na kitu kimoja cha kukataa bila majadiliano, kichwa cha visu chenye umbo la pembe nne kwenye plena ya kusukuma kwa mkono. Mashine za zamani sana bado unazikuta nazo. Kile kichwa kina nafasi kubwa kati ya kisu na kisu, kidole kikiteleza kinavutwa ndani kabisa, wakati cha duara angalau kinabakiza mwanya mdogo. Mtu akikwambia yeye kaitumia miaka yote na vidole vyake vipo, mshukuru na uondoke.

Baada ya randa, umeme. Hapa ndo wenzetu wengi wanaumia, kwasababu mashine nzuri za mtumba zinatoka kwenye viwanda na viwanda vina fezi tatu, na karakana ndogo nyingi zina fezi moja. Tafuta kile kibati kilichopigwa kwenye mota, si kwenye mwili wa mashine, kwenye mota, ukisome chote. Kikisema volti 230/400 basi mota hiyo inaweza kufungwa delta, ambayo ni namna moja ya kuunganisha nyaya za ndani ya mota, ikatumia volti 230 za fezi tatu, na kuna invata za mota ambazo unaziingizia fezi moja ya volti 230 zinakutolea fezi tatu za 230, kwa mota ya kilowati 2.2, yani kama nguvu za farasi 3, ni jambo linalowezekana kabisa. Lakini kikisema 400/690 hiyo mota ikifungwa delta inataka volti 400, ukiipa 230 itazunguka kivivu na ukiisukumia mbao itasimama na kuungua. Wauzaji wengi wanasema tu "utatafuta fundi umeme atabadilisha", hawasemi kibati kinasema nini. Na ukumbuke mashine ya kazi nyingi inaweza kuwa na mota tatu, invata moja inaweza kuzihudumia moja moja lakini huwezi kuwa unageuza swichi kutoka mota hii kwenda ile wakati invata inatoa umeme, unaiua. Mota zenye breki ya sumaku ndani nazo zina mambo yake, ile breki inaweza kuwa inataka volti 400 zake yenyewe, kwahiyo mpeleke fundi umeme aione mashine kabla ya kununua na sio baada.

Mashine kutoka Marekani nazo ni nzuri ila nyingi zina mota za Hz 60, yani umeme unaobadilika mara 60 kwa sekunde. Ukiipeleka sehemu yenye umeme wa Hz 50 itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, mota iliyoandikwa mizunguko 1,725 utaipata kama 1,425, na kama ni ya volti 115 utahitaji na transfoma juu yake. Maarufu kati ya hizo ni Shopsmith, iliyobuniwa na Hans Goldschmidt na kuingia sokoni mwaka 1947, ambayo kwa asili ni kerezo, mota moja inateleza juu ya mabomba mawili na hiyo hiyo inageuka kuwa msumeno, keekee ya kusimama, keekee ya kulala na sahani ya msasa. Ni ubunifu mkubwa kweli na kwa mtu anayekereza miguu ya meza na bakuli itamfaa sana. Kwa mtu wa milango mimi simshauri, meza ya msumeno ni ndogo, na ukitaka mkato wa mshazari inayolala ni meza badala ya msumeno, jaribu kushikilia ubao mpana kwenye meza iliyolala uone.

Zile za Ulaya ni ukoo mwingine, zimejengwa kuanzia kwenye randa na msumeno: Felder ya Austria, Robland ya Ubelgiji, Mini Max ya Italia, Kity na Lurem za Ufaransa. Meza zake kwa zile kubwa ni chuma cha kusubu, mashine moja inafika nusu tani na zaidi, na uzito huo ni faida maana mtetemo unamezwa humo humo. Zipo na ndogo zenye meza za aluminiamu ambazo mtu mmoja na nusu anazibeba, hizo kwa kazi nyepesi sawa. Jina lisikutishe wala lisikulevye, baadhi ya viwanda vilishafungwa au kubadilisha wenyewe na bado mashine zake zinafanya kazi vizuri, suala ni nini kinapatikana kikiharibika. Mikanda ina namba, beringi zina namba, kapasita ina namba, swichi unaweza kufunga ya aina nyingine. Ambavyo havipatikani ni vitu vilivyomwagwa kiwandani kwa mashine ile tu: kile chuma cha nusu duara kinachobeba msumeno wakati wa kuulaza, gia za kuvuta ubao kwenye tiknesa, mguu wa kushikia fensi, ule ukuta wa kuongozea ubao. Hivyo viguse kimoja kimoja. Ukiona alama ya kulehemu kwenye chuma cha kusubu sehemu inayobeba uzito, achana nayo, chuma hicho kikishapasuka ni vigumu kukirudisha kikawa cha kuaminika.

Afu hesabu vilivyopotea. Mashine ya kazi nyingi ikikaa godauni vitu vyake vidogo vinatembea, unakuta tano kwa moja lakini kisu cha kupasulia kile kinachokaa nyuma ya msumeno hakipo, gadi ya plena, ile kinga ya kufunika visu, haipo, meza ya kutobolea haipo, pete za spindo hazipo, ufunguo wa kufungia biti haupo. Kwa ukweli hiyo ni mbili kwa moja na bei yake iwe ya mbili. Na hapo, Mhariri, ndo ningeomba gazeti lako lisaidie, anayeleta tangazo la mashine aandike fezi ngapi, kilowati ngapi, upana wa randa kwa milimita (260, 310 au 410 ndo zinazoonekana sana), vilivyomo na visivyokuwepo, na kama kuna picha basi iwe ya kibati cha mota kabla ya picha ya rangi. Haitachukua nafasi kubwa na itamuokolea mtu nauli na pesa yake ya akiba.

Kisu cha kupasulia nimekitaja kwenye orodha ila kinastahili zaidi. Ubao unapopasuliwa kwa urefu mara nyingi unajibana wenyewe, unakamata meno ya nyuma ya msumeno ambayo yanapanda juu, na ubao unarushwa kwa aliyesimama. Kile kipande cha chuma ndo kinazuia mwanya usijifunge, kinatakiwa kiwe kinene kuliko bamba la msumeno na chembamba kuliko mkato wake, na kikae karibu na meno, milimita 3 mpaka 8. Ukikikosa kwenye mashine kichongeshe kabla ya ubao wa kwanza. Pia fungua milango ya mashine uangalie zile swichi ndogo za usalama zinazozuia isiwake gadi ikiwa wazi, nyingi zimeunganishwa waya moja kwa moja na mtu aliyekuwa na haraka, zirudishe.

Spindo sitaisema sana, ina hatari yake yenyewe na mtu ajifunze kwa anayeijua akiwa amesimama naye. Kwenye kununua angalia unene wa shafti, milimita 30 ndo inayotumika sana Ulaya na vichwa vyake vinapatikana, za milimita 20 uchaguzi ni mdogo, na hakikisha spidi zinabadilika kweli kwasababu kichwa kikubwa kinataka spidi ndogo. Sehemu ya kutoboa matundu ni rahisi, ila kwenye baadhi ya mashine inazungushwa na ncha ya kichwa cha randa kwahiyo inazunguka kwenda kushoto na inataka biti za kushoto, uliza kabla hujanunua biti za kawaida. Na wakati wa kuranda ile ncha inazunguka pia, lazima iwe na kifuniko.

Kitu ambacho hakionekani siku ya kununua ni muda wa kubadilisha. Kutoka plena kwenda tiknesa unainua meza, unageuza bomba la maranda, unashusha meza ya chini, na ukikumbuka kuna ubao mmoja umeusahau unarudi nyuma tena. Anayefanya kazi peke yake anazoea, anapanga kazi: mbao zote zinanyooshwa uso na ukingo, zote zinapita tiknesa, zote zinapasuliwa, ndo anafungua spindo. Kwa fundi mmoja na chumba kidogo mashine hizi zinafaa na nazitetea. Lakini mkiwa wawili au watatu mmoja anaranda wengine wamesimama wanamsubiri, na mota ikifa karakana nzima imefungwa. Watu wa hivyo nawashauri watafute plena na tiknesa ya pamoja ya mtumba, hizo ni kazi mbili zinazokaa vizuri kwenye mwili mmoja, na msumeno wa meza wawe nao peke yake. Kumbuka pia nafasi, ubao wa mita 2.4 unataka mita 2.4 mbele ya kisu na nyingine 2.4 nyuma yake, yani karibu mita 5 wazi hata kama mashine yenyewe inakaa kwenye kona.

Na vumbi, naomba tusilichukulie kama uchafu tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, hiyo ilikuwa 1995, na inayosemwa hasa ni saratani ya pua na mbao ngumu ndo zinatajwa zaidi. Kwahiyo midomo ya kutolea maranda kwenye mashine iwepo na isiwe imezibwa, na kwenye bajeti yako weka kivuta vumbi pamoja na mashine, kama pesa haitoshi vyote viwili tafuta mashine ndogo kidogo ili na hicho kipatikane.

Ukishakubaliana na muuzaji, usafiri nao ufikirie. Usiinyanyue kwa meza, hata siku moja, meza za plena zikibeba uzito wa mashine zinahama na kazi yote ya kupima inakuwa bure, inyanyuliwe kwa chini kwenye mwili wake au sehemu ambazo kiwanda kiliziweka kwa ajili hiyo, na meza inayoteleza ifungwe au itolewe. Ikifika, isimamishe imekaa kwenye miguu yote, pima meza tena kama ulivyopima kule, unganisha waya wa ardhi. Kama ni fezi tatu iwashe kwa mara ya kwanza bila msumeno kwenye shafti uone inazunguka upande gani, ikizunguka kinyume zima, fundi umeme abadilishane waya mbili kati ya zile tatu za fezi. Ukiwa umeshafunga msumeno na ikazunguka kinyume nati inaweza kujifungua yenyewe.

Wako,
Seremala, msomaji wa gazeti lenu